Jicho moja wataka kulitoa, la pili wataka kulichoma kwa leza. Mbona wasiyachome yote mawili?

Fundi_Magongo ameuliza:

Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko Magongo, kando ya barabara ya malori. Mageti, grili za madirisha, na chesi za lori zikipasuka huletwa kwangu. Nayasema haya mjue kwamba anayeuliza si mtu wa kuogopa moto, ni mtu aushikao kila siku.

Binti yetu ametimiza mwaka juzijuzi. Mamake ndiye aliyegutuka wa kwanza. Alikuwa akimpiga picha usiku kwa simu, jicho la kushoto likatoa ule wekundu wa kawaida, la kulia likatoa mng'ao mweupe pale mboni. Haukupita muda jicho hilo la kulia likaanza kwenda kombo. Tulipokwenda kwanza tulipewa matone na kuambiwa makengeza yatamtoka akikua. Mamake hakuridhika, na ukaidi wake huo naushukuru hadi leo. Akambeba hadi kwa daktari wa macho, mtoto akatiwa dawa ya kupanua mboni, daktari akavaa taa ya kichwani akatazama la kulia, kisha akahamia la kushoto na kukaa hapo muda mrefu bila neno. Tukaandikiwa rufaa ya Nairobi.

Kule wamemlaza nusukaputi na kumkagua, na MRI wamepiga. Ugonjwa waitwa retinoblastoma, saratani ya macho ya watoto. Jicho la kulia wameandika kundi E, limejaa. La kushoto lina vivimbe viwili vidogo, kundi B. Mpango wao ni kulitoa la kulia, kisha mtoto aanze kemo, yaani dawa za saratani, kisha vile vya kushoto vichomwe kwa leza.

Sasa linalotutesa nyumbani ni hili: kama leza yaua uvimbe, mbona jicho moja litolewe na jingine lichomwe? Mamangu mzazi amesimama hapo hapo, hasogei. Asema mtoto wa maskini hutolewa jicho, wa tajiri huchomwa akabaki nalo.

Langu mimi ni jingine. Mwanga wa weldi umenipiga mara nyingi. Ukishika rodi bila kioo hata kwa vishoti vichache, mchana huhisi kitu, usiku ndio wajua: mchanga mtupu machoni, machozi, walala na vipande vya kiazi kibichi juu ya kope hadi adhana ya alfajiri. Na huo ni mwanga uliopita tu. Je, mwanga wenye nguvu ya kuua uvimbe ukipitishwa kwenye jicho la mtoto wa mwaka mmoja, huko mbele kutabaki kitu?

Mwisho, shemeji yangu amenunua ile taa nyekundu ya kukanda mgongo. Asema ni infraredi, na ya hospitali ni infraredi, kwa hivyo tumpashe mtoto kidogo kidogo huku twasubiri tarehe. Nimeifungia kabatini, lakini nataka neno la mtu anayejua nimwonyeshe, maana shemeji ni mtu wa kubisha.

Kusafiri si shida, treni ya Miritini ipo na wenzangu wa kibandani wamechanga. Nataka kuelewa kabla ya kutia sahihi.

Sista_wa_Thieta amejibu:

Waleikum salaam, fundi. Poleni sana wewe na mamake. Mimi ni muuguzi wa macho, nimekaa thieta za macho kwa miaka, sasa niko hapa hapa Mombasa. Faili ya mtoto sijaiona, kwa hivyo ya kwake waachie madaktari wake. Nitakueleza ya ugonjwa na ya leza.

Naanza na weldi kwa sababu hapo utanielewa upesi kuliko wazazi wengi. Kinachokupiga usiku ni miale ya urujuanimno. Miale hiyo haiendi mbali, kornea, kile kioo cha mbele ya jicho, huinyonya pale pale, ngozi yake ya juu ikachubuka, na baada ya siku moja au mbili ikaota upya. Leza inayotumika kupasha uvimbe joto ni ya upande wa pili kabisa. Ni infraredi ya nanomita 810, hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, jicho haliioni. Kornea kwake ni kioo safi, lenzi ni kioo safi, na ule ute uliojaza jicho pia. Hupita kote huko hadi ikutane na kitu cheusi cha kuinyonya, na kitu hicho ni tabaka la rangi lililolala nyuma ya retina, lile pazia la ndani linalopokea picha. Hapo ndipo mwanga unapogeuka kuwa joto.

Shikilia hilo la rangi nyeusi, maana ndilo linaloeleza karibu kila kitu utakachokiona. Kwa nini mtoto atatiwa matone hadi mboni ifunguke yote? Kwa sababu duara la kahawia linaloizunguka mboni nalo lina rangi ile ile. Mwanga ukilipitia pembeni, litaungua, na lenzi iliyo nyuma yake inaweza kupata ukungu. Kwa nini nusukaputi? Kwa sababu doa la leza linawekwa juu ya kitu cha milimita mbili tatu, na hakuna mtoto wa mwaka mmoja atakayetulia huku akimulikwa kwa dakika kadhaa.

Na kwa nini vidogo tu? Uvimbe wa retinoblastoma wenyewe ni mweupe, hauna rangi ya kunyonya mwanga. Joto hulitoi ndani yake, unalitoa chini, kwenye lile tabaka, nalo linapanda juu. Uvimbe ukiwa mwembamba, joto linaufikia wote. Ukiwa mnene, umepika sakafu na juu kuko hai. Wewe ukiletewa pande la chuma la inchi nzima na una mashine ndogo, mshono utauona umekaa vizuri na ndani hakujashika. Ndiyo maana wanapima urefu na upana wa kila kivimbe kabla ya kuamua. Vya milimita 3 hivi kushuka chini ndivyo leza inavyoviweza. Vikubwa kuliko hapo hupunguzwa kwanza kwa kemo, ambayo mara nyingi ni vinkristini, etoposidi na kaboplatini, kisha leza humalizia kilichobaki.

Usidhani pia ni moto wa kuunguza mara moja. Daktari huvaa mashine kichwani, mkono mmoja ameshika lenzi mbele ya jicho, ndani anaona kidoa chekundu cha kulengea. Joto linalotafutwa ni nyuzi 45 hadi 60. Uvimbe hugeuka kijivu taratibu, ukielekea weupe. Ukigeuka haraka, nguvu inapunguzwa. Nimesimama kwenye thieta nyingi za namna hii na kazi yangu kubwa ilikuwa kulowanisha kornea isikauke, tone baada ya tone, maana mtoto aliyelala nusukaputi hapepesi macho. Kazi ya kimya sana, mtu asiyejua anaweza kudhani hatufanyi kitu.

Kuna leza nyingine, ya kijani, nanomita 532, ambayo damu yenyewe huinyonya. Hiyo huchemsha zaidi na kuziba mishipa inayoulisha uvimbe. Mtoto akiwa bado kwenye kemo, madaktari wengi hawapendi kuifunga mishipa hiyo, kwa kuwa dawa nayo inapitia humo humo. Lile joto la polepole halina ugomvi na kemo, na kaboplatini hufanya kazi vizuri zaidi kwenye uvimbe uliopashwa. Ukisikia madaktari wanabishana leza ipi na lini, mabishano yao ni hayo.

Sasa jicho la kulia. Kundi E maana yake jicho limeharibika kiasi kwamba kuona hakutarudi, na uvimbe uko karibu na njia za kutokea. Mara nyingi kunakuwa na mbegu, yaani chembe za uvimbe zilizobanduka, zinazoelea kwenye ute. Mbegu inayoelea haina tabaka jeusi chini yake, leza inaipita tu. Na nyuma ya jicho kuna neva, na neva hiyo inakwenda ubongoni. Jicho likitolewa uvimbe ukiwa bado ndani, mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuishi. Kwenye nchi ambako watoto huletwa mapema, zaidi ya 95 kwa kila 100 hupona. Uvimbe ukishapita kwenye neva, hesabu hiyo sahau.

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba hata London na Philadelphia watoto wengi wenye jicho la namna hii hutolewa pia. Hakuna leza ya matajiri waliyofichwa maskini.

Taa ya shemeji ibaki kabatini, na ufunguo ukae kwako. Ile haina shabaha. Itapasha kope, itapasha lenzi, na uvimbe hautajua kama umeguswa. Wafua vioo wa zamani, waliokaa miaka mbele ya tanuri, walipata mtoto wa jicho kwa joto la infraredi. Na ubaya mkubwa zaidi ni siku zitakazopotea mkisubiri taa ifanye kazi.

Mama_Wawili_Likoni amejibu:

Fundi pole babangu, nakusoma na mwili wanisisimka, maana haya nimeyapita. Wangu ni wa kiume, alitolewa jicho moja na la pili likachomwa leza kama hivyo wenu wanavyopangiwa. Sasa yuko darasa la tatu, asoma, acheza mpira na hasikii la mtu.

Sista ameeleza mashine, mimi nikwambie ya nyumbani. Leza si ya mara moja. Waenda, alazwa, akaguliwa, achomwa, warudi. Kila baada ya wiki tatu nne hivi mwanzoni, kisha zinaachana. Mara nyingine wakuta kile walichokichoma kimelala kabisa, kimebaki kovu bapa lenye kingo nyeusi, halafu pembeni kimechipuka kipya. Hapo nililia kwenye benchi mbele ya watu. Daktari aliniambia kipya kikionekana kikiwa hivyo kidogo ndiyo sababu yenyewe ya kutuita kila mara. Basi msikose tarehe. Mtoto akiwa na mafua piga simu uulize kabla ya kupanda treni, maana wa nusukaputi anaweza kukurudisha na nauli imekwenda.

Kovu la leza halioni. Kile kipande cha retina kilichochomwa kimekwisha. Kivimbe kikiwa pembeni mtoto hata hajui, kikiwa karibu na pale katikati anaposomea, hapo daktari huenda pole pole na anaweza kuchagua kuacha kwanza kemo ifanye kazi. Waulizeni vivimbe vyenu viko wapi, mwambieni awachoree. Sisi alituchorea kwenye karatasi kwa kalamu za rangi, bado ninayo.

Jicho la bandia usiliogope. Wangu lilimtoka kwenye feri, watu wamebanana, akaliokota chini mwenyewe akaniambia "mama nishikie." Mzee aliyekuwa kando yetu aliruka nusura aingie baharini. Nililiosha kwa maji ya chupa na sabuni tulipofika ng'ambo, likarudi mahali pake. Lakini yule mtoto sasa ana jicho moja la kuonea, kwa hivyo miwani ya plastiki ngumu isiyovunjika ni lazima hata kama haina nambari. Na wewe fundi, kibandani kwako asikanyage kabisa! Cheche ya grainda haichagui.

Halafu kama ana ndugu, wapelekeni macho yao yatazamwe. Ukiwa macho yote mawili, ugonjwa huu ni wa jeni, yaitwa RB1. Mdogo wake alipozaliwa alikaguliwa akiwa mchanga kabisa, akawa salama, alhamdulillah.

Mzee_Tudor amejibu:

Nimestaafu ualimu wa fizikia, niruhusuni kidogo. Fundi, mwanga wako wa weldi una undugu na matibabu haya. Mwaka 1945 kulikuwa na kupatwa kwa jua, na kule Ujerumani daktari mmoja wa macho, Gerd Meyer-Schwickerath, aliona watu waliolikodolea jua wamebaki na kovu dogo kwenye retina. Wengine waliona maafa, yeye aliona kifaa. Akaanza kuelekeza mwanga wa jua wenyewe kwa vioo hadi ndani ya jicho la mgonjwa. Lakini jua la Ujerumani si la Mombasa, siku likikosekana kazi hakuna. Akaingia kwenye taa ya arki ya kaboni, yaani ile cheche yako fundi, iliyosafishwa na kupitishwa kwenye lenzi. Baadaye kampuni ya Zeiss ikamtengenezea mashine ya taa ya zenoni. Leza yenyewe ilikuja 1960, mkononi mwa Theodore Maiman kule Marekani, na madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa waliokuwa mbio kuitumia, kwa kuwa njia walishaijua.

Nimemaliza, endeleeni.

Bi_Kibokoni amejibu:

Mwanangu fundi, Mungu amjaalie mtoto shifaa. Mimi ni mtu mzima, uvimbe wangu haukuwa saratani. Ni mishipa ya damu iliyojikunja ikafanya fundo nyuma ya retina, hemanjioma waiita, ikavujisha maji nikawa naona mistari ya mkeka imepinda. Nilitibiwa kwa mwanga India, nilikofuatana na mwanangu.

Yangu haikuwa ya joto. Hutiwa dawa kwenye mshipa wa mkono, verteporfini, rangi yake kijani iliyokolea hata nikauliza kama ni wino. Yaingia kwa dakika kumi, wasubiri kidogo, kisha wamulikwa taa nyekundu ya nanomita 689 kwa sekunde 83. Mwanga wenyewe ni baridi, hauunguzi. Huiamsha ile dawa tu, na dawa ikiamka yaziba vile vijishipa kwa ndani. Sikuhisi kitu ila uzito wa ile lenzi waliyonibandika jichoni.

Shida ni ngozi. Dawa imezunguka mwili mzima, jua likikupata waungua. Siku tano usitoke mchana. Hapo nilishukuru buibui langu! Ninja, glavu, soksi, na ndege tuliyoichagua ni ya usiku. Muuguzi wa kule aliniambia nisijifungie gizani pia, mwanga mdogo wa chumbani ni mzuri, waimaliza dawa taratibu. Mimi nilitaka kulala giza totoro siku zote tano, kumbe ningetoka nje nikiwa bado nayo.

Haya nayasema kwa sababu watu wasikiapo "matibabu ya mwanga" huchanganya. Ya mwanao ni ya joto, hatahitaji kufichwa jua. Na mamako nimemuelewa. Mwambie kisomo kisomwe, kombe, yale maji yaliyooshewa aya, linywewe, hakuna ubaya, lakini jichoni lisitiwe tone, na tarehe ya hospitali isipite.

Fundi_Magongo amejibu:

Allah awalipe. Nimemsomea mama yote baada ya magharibi. Ile ya neva kwenda ubongoni imemgusa kuliko ile ya London. Hajasema ndiyo, ila ameuliza jicho la bandia huuzwa rangi gani, na mamake mtoto ameniambia hiyo ndiyo ndiyo yenyewe. Shemeji amesoma, amesema taa atairudisha dukani. Mzee Tudor, habari ya arki ya kaboni nimeipeleka kibandani, vijana wamenigeuza daktari tangu asubuhi.

Tutatia sahihi. Nabaki na moja dogo: tumeambiwa thieta ni saa tatu asubuhi na mtoto awe hajala. Bado anyonya, na usiku huamka. Tufanyeje, na lile kombe la mama je?

Sista_wa_Thieta amejibu:

Fuata karatasi mtakayopewa huko, ikitofautiana na yangu ishike yao. Kwa kawaida huhesabiwa hivi kwa thieta ya saa tatu: uji, chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo mwisho saa tisa usiku. Titi la mama mwisho saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo mamake amwamshe saa kumi na nusu amnyonyeshe ashibe. Maji matupu mwisho saa moja asubuhi, kidogo tu. Tumbo likiwa na kitu mtoto akalazwa, anaweza kutapika na kikaingia mapafuni, na hilo ndilo tunaloliogopa, si jingine.

Kombe ni maji, lahesabiwa na maji. Saa moja likishapita, mama alihifadhi hadi mtoto aamke.

Hakikisheni SHA, ile bima ya afya ya serikali, iko hai kabla hamjaondoka Mombasa, na bebeni picha ile ya simu yenye mng'ao mweupe, daktari atapenda kuiona tarehe yake. Na akitoka thieta ya leza jicho litakuwa jekundu kidogo na mboni imefunguka wazi hadi kesho yake au zaidi, kwa hivyo kofia yenye ukingo mpana muwe nayo.